Bwana Kodi na Nguo za Juliana

Bwana Kodi hakuwahi kununua sabuni dukani kwangu kama watu wengine wanavyonunua sabuni. Watu wengine huuliza bei, hulalamika, hulipa, huondoka. Yeye alikuwa anausimamisha mche wa sabuni juu ya meza, anautazama kwanza, halafu ananiuliza, "Mama Duka, katika hizi shilingi ishirini na tatu, za kwako ni ngapi?" Nami kila mara nilimjibu kwa ukali kwamba zote ni zangu, nimehangaika nazo tangu bandarini. Hapo ndipo alipofurahi.

"Tuseme," angeanza, maana hakuna hesabu aliyoianza bila tuseme, "sabuni yenyewe ni shilingi ishirini. Serikali Kuu inataka kumi kwa mia, hiyo ni shilingi mbili. Halmashauri inataka tano kwa mia, hiyo ni shilingi moja. Kwa hiyo wewe nakupa ishirini. Hizi tatu nakuwekea tu, zina wenyewe." Anaziweka mafungu mawili, ishirini huku, tatu kule, na watu waliopanga foleni nyuma yake wanasonya. Viwango hivyo vilikuwa vya mfano, vya kunifundishia. Vya kweli vilibadilika kila Bajeti iliposomwa redioni, na vitu vingine havikuwa na kodi kabisa, na vingine kama bia na sigara vilikatwa huku na huku mpaka unajiuliza mwenye kiwanda anabaki na nini.

Alinifundisha pia kurudi nyuma. Alisema hapo ndipo watu wanapokosea, wa shule na wasio wa shule. Mtu ana jumla, shilingi ishirini na tatu, anataka kujua kodi iliyomo, basi anachukua kumi na tano kwa mia ya ishirini na tatu, anapata tatu na senti arobaini na tano. "Umejiibia," Bwana Kodi angesema. "Gawanya kwa mia moja na kumi na tano, halafu zidisha kwa mia. Inarudi ishirini, imenyooka." Na alichukia sana mtu kuhesabu ushuru wa halmashauri juu ya bei ambayo Serikali Kuu imeshachukua chake. Kila mmoja ale kwenye sahani yake, alisema, na sahani zote mbili zinapakuliwa kutoka chungu kimoja, nacho ni bei ya kwanza. Mpaka leo siwezi kununua chumvi bila hesabu hizo kunipita kichwani, na sikumwomba anifundishe.

Alikuwa ofisa wa kodi ya mauzo pale mjini Bukoba, na nyumba yake ilikuwa Kagondo, hatua chache kutoka dukani kwangu. Jina lake tulilisahau mapema. Hata mkewe, kabla hajafariki, alikuwa akimwita Bwana Kodi. Mimi nilikuwa na duka dogo nililoachiwa na baba yangu, fundi cherehani aliyetoka pwani na kuoa Mhaya wa Izimbya, kwa hiyo kwetu tulifunga Ramadhani na tulikula senene, wale panzi wa msimu, na hakuna aliyeona ajabu. Bwana Kodi alikuwa Mkristo wa kwenda kanisani Krismasi na misibani. Mama yangu alimpenda kwa sababu alikuwa wa Izimbya pia, na kwa sababu alimwamkia kwa kuinama.

Alikuwa mrefu, mwenye kuvaa kaki iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Alikuwa na baiskeli, lakini mara nyingi aliikokota, eti asikunje suruali. Mfukoni alikuwa na kifuko cha jani la mgomba chenye kahawa ya kutafuna, na ukifika kwake lazima akumiminie kiganjani kabla hujasema shida yako. Lakini yeye kupokea kitu, hapana. Soda hanywi dukani kwa mtu. Ukimpelekea mkungu wa ndizi anauzunguka anauuliza maswali, "Huu mkungu una shida gani?" Mkungu hauna shida, waitu, ni ndizi tu. Anaurudisha. Aliyepokelewa zawadi alikuwa mama yangu peke yake, kwa sababu, alisema, yule mama hana jalada kwenye ofisi yake.

Usifikiri alikuwa malaika. Jumapili alipanda lori kwenda Izimbya, kwenye kibanja alichoachiwa na baba yake, akakaa na jamaa zake akanywa orubisi ya kibuyu mpaka jua linazama. Na pombe ile ya ndizi iliyokamuliwa nyuma ya nyumba hailipi kwa Serikali Kuu wala kwa halmashauri. Nilimwambia siku moja, "Bwana Kodi, na hicho kibuyu tukihesabuje?" Akanijibu bila kutabasamu kwamba leo Jumapili, ofisi imefungwa.

Na alikuwa mkali. Alinikuta mimi, jirani yake, na makasha ya sigara ambayo karatasi zake hazikukamilika. Sikuwa nimeyaficha, nilikuwa sijui, lakini aliniandikia faini pale pale, kwa mwandiko ule ule mzuri, na hakuniangalia usoni. Nililia. Jioni ile ile alikuja mlangoni kwangu na mshahara wake mkononi, akanikopesha fedha za kulipia faini aliyoniandikia mwenyewe, bila riba, na kila mwezi akawa anapita kuchukua kidogo kidogo. Nikamwuliza si angenisamehe tu ikaisha? Akasema, "Ofisi haikusamehe. Mimi nakukopesha. Usichanganye watu wawili." Nilimwona mwehu, na nilimshukuru.

Wakati wa vita na Uganda hakukimbia. Mizinga ilisikika kutoka upande wa mto, na watu wa Missenyi walipita barabarani na magodoro kichwani na mbuzi na wazee kwenye mikokoteni, nasi tukawapa tulichokuwa nacho, na dukani kwangu ilibaki chumvi tu na viberiti. Bwana Kodi aliendelea kwenda ofisini kila asubuhi na suruali yake iliyonyooka. Hakukuwa na kitu cha kutoza. Kiwanda gani, duka gani? Nilimwuliza anafanya nini huko. Akasema anafuta vumbi.

Halafu vita vikaisha, vijana wakaanza kurudi kutoka ng'ambo na mali. Redio, saa, magodoro ya sponji, mabunda ya nguo. Na huyu mtu akatoka na penseli yake akasimama barabarani. Wallahi nilidhani watamuua. Akamsimamisha askari mmoja aliyekuwa anachechemea na redio kubwa begani, akamweleza kwamba bidhaa yoyote inayoingia nchini ina kodi yake. Askari akaishusha redio chini. Akasema, "Na huu mguu, mzee? Huu niliouacha kule nusu, nao una kodi?" Kulikuwa na watu wengi. Bwana Kodi akasema, "Hapana. Huo hukuununua." Halafu akaiweka penseli sikioni akaondoka njiani, na hakusimama tena barabarani. Lakini jioni aliniambia kwamba kisheria redio ile ilikuwa na kodi, na kwamba ameshindwa kazi.

Kisha ukaja ule ugonjwa. Ulipotufikia haukuwa na jina, tukaupa jina la nguo. Watu wa magendo walikuwa wakileta kutoka Uganda mashati na magauni ya kitambaa cha kung'aa, tuliyaita juliana, na kijana asiyekuwa na juliana hakuonekana kijana. Waliokuwa na fedha ndio waliokuwa na juliana, na wao ndio waliotangulia kukonda, kuharisha, kutoka vipele na kufa. Basi tukasema ni nguo. Ukimwona mtu amekonda unauliza, naye ana juliana? Anayo. Tulikuwa tunazika, tunanawa mikono, tunakwenda kuzika kwingine. Nilikuwa nauza bafta ya sanda zaidi kuliko nilivyouza sukari, na sikuipenda faida ile.

Sisi wa Kagondo tulikwenda mbele zaidi, kwa sababu tulikuwa na Bwana Kodi. Tukasema si nguo yenyewe, ni kule kuingia kwake kwa kujificha. Nguo iliyopita porini bila kulipiwa imekuja na kisirani. Ukiilipia, inakuwa nguo tu. Sijui nani alianza kusema hivyo. Ninachojua ni kwamba watu walianza kufika mlangoni kwake na mashati kwenye mifuko, wanaomba awapigie hesabu. Akawafukuza. "Mimi si mganga," alisema. Lakini akaja mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa ameshaanza kulala ndani, akapiga magoti na shati la zambarau mikononi, hakuinuka. Bwana Kodi akakaa chini akahesabu. Bei ya kule, aibadilishe kuwa shilingi zetu, aongeze nauli ya mtumbwi kwa kuwa nauli nayo ni sehemu ya bei, halafu fungu la Serikali Kuu na fungu la halmashauri, kwa viwango vya mwaka ule. Kesho yake akampeleka mwenyewe kwenye madirisha mawili, dirisha la Serikali Kuu, na ng'ambo ya barabara dirisha la halmashauri. Sheria iliruhusu. Bidhaa imeingia bila kulipiwa, mwenyewe amekuja kukiri, analipa, anapewa risiti mbili. Ofisi gani itakataa fedha?

Yule kijana alikufa. Watu wakasema mama alichelewa kulipa. Wakazidi kuja. Na mimi nilipeleka gauni langu, usinicheke, la kijani lenye mikono mifupi, nikalipa kila senti, na risiti zangu nikazibandika ukutani. Bwana Kodi alinihesabia vizuri, akanirudishia gauni limekunjwa, akasema, "Mama Duka, kodi inajenga barabara. Haiponyi mtu. Lakini kulipa umelipa." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye akili timamu, nami nakumbuka kwa sababu ilikuwa kabla binti yake hajarudi.

Alikuwa na binti mmoja tu. Kama Mungu anatania, basi pale alitania, kwa sababu binti wa Bwana Kodi alikuwa mtu wa magendo. Alivusha nguo usiku kutoka Uganda akazipeleka kwenye visiwa vya Muleba, kwa wavuvi, watu waliotoka kila upande wa ziwa, ambao fedha zao zilinuka samaki na hawakuulizia bei. Alipokuja kumsalimia baba yake aliacha mzigo dukani kwangu, chini ya magunia, akaenda kwake mikono mitupu. Baba anamuuliza biashara ya samaki inaendaje. Inaenda, Tata. Wote wawili walijua, na wote wawili walikula chakula chao wakakaa kimya. Alikuwa anacheka sana binti yule. Alikuwa anakuja na kelele zake dukani mpaka mama yangu anatoka chumbani kuuliza kuna sherehe gani.

Aliolewa huko kisiwani na mchuuzi wa samaki. Mume akafa, ndugu wa mume wakagawana nyavu na mtumbwi, yeye akarudi Kagondo na watoto wawili na koti la mumewe. Alipopita mbele ya duka langu sikumtambua. Yeye ndiye aliyeniita. Nilitoka nikamkumbatia, nikahisi mifupa mikononi, nikarudi ndani nikakaa nyuma ya meza nikalia, kwa sababu kila mtu Bukoba alishajua kuutambua ugonjwa ule kwa macho.

Wiki ile ile Bwana Kodi akaweka kigoda kando ya kitanda cha binti, akatoa penseli. "Nitajie zote," alimwambia. "Tangu ya kwanza." Yule aliyesema kodi haiponyi mtu! Binti akaanza kutaja. Mashati ya zambarau, mwaka fulani, yalipita wapi, alinunua kwa kiasi gani, aliuza kisiwa gani. Baba anahesabu, anamsomea, binti anakubali kwa kichwa. Asubuhi anaenda mjini kwenye madirisha mawili, jioni anarudi na risiti mbili. Kesho yake tena. Nilidhani atamaliza baada ya siku chache, maana binti hakuwa tajiri, alikuwa mchuuzi wa mzigo wa kichwani.

Hakumaliza. Mshahara ukaisha. Baiskeli ikauzwa. Redio ikauzwa. Ndipo nikasikia kwamba anauza kibanja cha Izimbya.

Kwetu kibanja si shamba tu. Ni migomba na mibuni iliyopandwa na babu, na humo ndani wamelala wenyewe walioipanda. Hakiuzwi kwa mtu yeyote apitaye, unauliza ukoo kwanza. Na hakikuwa chake peke yake pia, maana wale watoto wawili baba yao hakuwaachia kitu, hawakuwa na chochote duniani isipokuwa ile migomba ya babu yao. Ukoo ukakaa. Mama yangu alikuwepo akanisimulia. Mzee mmoja akamwuliza, "Unauza na waliolala humo?" Akajibu kwamba anauza migomba, waliolala hawahami. Binamu yake aliyekuwa na fedha za sangara akanunua ukanda wa kwanza, ule wa barabarani. Baada ya muda akanunua wa pili.

Nikaona siwezi kukaa kimya. Siku moja Bwana Kodi alipokwenda mjini, nililifunga duka nikaenda kwa binti. Alikuwa ameegemea ukutani, mtoto mdogo amelala miguuni kwake. Nilimwogesha, nikambadilisha shuka, nikampa uji. Halafu nikamwambia, "Mdogo wangu, mimi ndiye niliyekuwa naficha mizigo yako. Hukuwa na nguo nyingi hivyo."

Akanitazama, akaanza kucheka kile kicheko chake, kikageuka kikohozi. Nikamshika mgongo mpaka kikatulia.

"Zilishaisha zamani, dada," akasema. "Sasa natunga."

"Unatunga nini?"

"Nguo. Jana nimetunga magauni ya njano. Leo nitamtungia mashati ya watoto."

Nilikasirika, sikumficha. Nilimwambia baba yake anauza kibanja. Nilimwambia hawa watoto watakula nini, kila gauni unalolitunga ni migomba yao. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijaribu kuacha," akasema. "Jana nilimwambia, Tata, zimekwisha. Akaweka penseli chini. Akanitazama mikono, akanitazama shingo, akatazama hivi vidonda. Halafu akaanza kutetemeka mdomo. Mimi sijawahi kumwona baba yangu akitetemeka mdomo, dada. Hata mama alipokufa. Nikamwambia ngoja, nimekumbuka, kuna magauni ya njano."

"Na watoto?"

"Akimaliza kuhesabu atanitazama," akasema. "Siwezi kufa nikitazamwa hivyo." Halafu akamfunika mtoto miguu kwa upande wa shuka. "Watoto wangu nawapenda. Usifikiri siwapendi. Lakini mimi ndiye ninayekufa sasa hivi."

Nikarudi dukani. Sikumwambia Bwana Kodi, maana haikuwa siri yangu, na kila nilipomwona akipita kwenda mjini kwa miguu, kaki yake imepigwa pasi, nilijisemea kesho. Binamu akanunua upande wa mibuni. Binti akatunga mpaka mvua za masika, kisha akafa asubuhi, baba yake akiwa kwenye foleni ya dirisha la pili.

Tulimpeleka Izimbya kumzika. Ukoo ulikaa kuamua mahali, na hawakuwa na mengi ya kuamua. Kilichobaki kilikuwa nyumba ya udongo na uwanja wake. Alizikwa karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo mtu akitoka na maji machafu lazima azunguke. Bwana Kodi alisimama pale mikono nyuma. Nilimpelekea bafta mimi mwenyewe, na kwa mara ya kwanza hakuniuliza bei, wala mimi sikumtajia.

Hakukaa sana Kagondo baada ya hapo. Alistaafu, nyumba ile ilikuwa ya serikali, akawachukua wajukuu akaondoka, tukasikia yuko Muleba kwa watu wa dada yake. Miaka ikapita. Mama yangu akafariki, duka likakua kidogo, nikawa nakwenda mwenyewe Kagoma, upande wa Muleba, siku za gulio kununua maharage ya jumla. Na siku moja pale gulioni nikamwona, amesimama mbele ya mtu wa dagaa, mrefu vile vile, lakini kaki imekwisha rangi na hakuna tena alama ya pasi.

Alinichukua mpaka alikopanga, chumba na kibaraza, nyuma yake kijishamba cha kukodi. Akanimiminia kahawa ya kutafuna. Mjukuu mkubwa, msichana, alikuwa shambani analima mihogo kwenye kipande ambacho ungekivuka kwa pumzi moja. Shule alikuwa ameacha. Mdogo alikuwa ameenda kuchunga mbuzi wa watu. Bwana Kodi alinieleza hayo yote polepole, hakulalamika, na mimi nikawa nawaza ule ukanda wa barabarani, na upande wa mibuni, na sikuweza kujizuia tena.

"Bwana Kodi," nikasema, "nina jambo nimelibeba miaka yote. Zile nguo za binti yako."

"Magauni ya njano," akasema.

Nikamgeukia.

"Aliniambia aliyaleta mwezi wa senene, mwaka aliozaliwa huyu," akasema, akimwonyesha kwa kidevu yule msichana shambani. "Mwezi wa senene mwaka huo alikuwa kwangu, amejifungua. Alikuwa hawezi hata kwenda uani. Mimi ndiye niliyempikia supu."

"Kwa hiyo ulijua kabla hujauza upande wa mibuni."

"Nilijua kabla sijauza mgomba hata mmoja. Hayo ya njano hayakuwa ya kwanza kutungwa."

Nilisimama. Nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii mzee kwenye kibaraza chake. Nikamwuliza aliuzaje kibanja cha yatima kulipia nguo ambazo hazikuwahi kushonwa. Alisubiri nimalize.

"Alikuwa anaomba risiti," akasema. "Nikifika tu, sijavua viatu. Anazisoma zote mbili, anaziweka chini ya mto, ndipo anakubali kunywa uji."

"Ungemwandikia karatasi yoyote! Mgonjwa yule angejuaje?"

Akanitazama kama nimemtukania mama yake. "Mimi?" akasema. "Mimi nimwandikie mwanangu risiti ya uongo?"

Nikakaa chini. Nilimchukia mzee yule saa ile, nasema kweli, na ningeweza kumlilia hapo hapo. Halafu nikamwambia lililobaki, kwa sababu niliona bora ayajue yote. Nikamwambia binti yake alitunga ili yeye baba asimtazame. Kwamba alisema hawezi kufa akitazamwa.

Hakushtuka. Alitafuna kahawa yake mpaka ikaisha, akatema ganda pembeni.

"Alikuwa akitaka kunitungia nguo anafumba macho," akasema. "Anatafuta rangi, anatafuta bei. Alikuwa anachukua muda mrefu. Hapo ndipo nilipokuwa namtazama, Mama Duka. Kila siku. Nimemtazama mpaka basi."

Msichana akaita kutoka shambani kwamba mwenye shamba amefika. Bwana Kodi akainuka, akafunga vifungo vya shati, akatoka uani kwenda kumwambia kwamba mwezi huu hana.